Matone Kumi na Manne

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu najijua: nikianza na maelezo nitajitafutia mlango wa kutokea, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa hodari wa milango hiyo. Mtu mmoja alikufa. Mwingine akabebeshwa kifo chake. Na mimi niliyesababisha nikapandishwa cheo.

Jina langu sitalitoa. Ukitaka kuniita mwoga, niite tu, hutakuwa wa kwanza. Mimi mwenyewe hujiita hivyo kila asubuhi nikipiga mswaki.

Ni mwanamke wa Kenya, wa upande wa Bungoma. Nilikuja Kampala miaka michache baada ya vita vya Uganda kwisha, wakati viwanda vinafufuka kimoja kimoja na mtu mwenye cheti chochote cha maabara anapokelewa kama mgeni wa harusi. Mkenya mwenzangu alikuwa amefungua kiwanda cha kufua nguo kwa mvuke, bondeni karibu na Katwe. Tulifua mashuka na taulo za hoteli za Nakasero. Kazi yangu ilikuwa kupima maji na dawa. Wafanyakazi wakanibandika jina la Musawo, yaani daktari. Musawo wa maji! Nililipenda jina hilo kuliko ilivyofaa.

Shida yetu ilikuwa maji. Ya bomba, yanayotoka ziwani, yalikuja siku yalipojisikia. Bosi akachimba kisima kirefu uani. Na kwa kuwa boila ya kuagiza ng'ambo ingechukua muda mrefu kufika, akaenda Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma, kumtafuta fundi aitwaye Ssalongo.

Ssalongo si jina, ni heshima: baba wa mapacha. Lakini mtaa mzima ulimjua kwa hilo tu. Alikuwa mtu mfupi, mikono imejaa makovu ya cheche, na hakuna aliyeweza kumharakisha. Akimaliza kuunga bomba aligonga kila mshono kwa nyundo ndogo, sikio limeinama.

"Chuma inasema," aliniambia. "Wewe ni kusikiliza tu."

Kabla hajafunga mabomba ya mwisho aliniuliza swali moja, akiniita nnyabo, yaani bibi, na swali lenyewe lilikuwa la mtu anayejua kazi yake.

"Nnyabo, maji ya hapa iko namna gani? Maji ngumu inakula boila."

Nieleze kidogo, usinichoke. Maji magumu ni maji yenye chumvi za chokaa zilizoyeyuka ndani yake. Kwa macho huzioni. Ukiyachemsha, chokaa hiyo hubaki nyuma na kuganda kwenye mabomba, kama ukoko chini ya sufuria ya wali. Moto ukishindwa kupenya ukoko, chuma chenyewe ndicho kinachoungua. Kitabu cha boila tulichokuwa nacho kilisema wazi: ugumu ukiwa chini ya miligramu hamsini kwa lita, endelea. Ukizidi hapo, nunua kwanza mashine ya kulainisha maji.

Chuoni nilifundishwa kupima kwa mrija wa kioo, na namba uliyoipata ilikuwa miligramu kwa lita, basi. Pale kiwandani nilipewa kisanduku kipya kutoka Ujerumani: kikombe, kichupa cha dawa, na karatasi ya maelezo ya Kijerumani. Unatia maji kwenye kikombe; tone la kwanza la dawa linayageuza mekundu. Unadondosha dawa tone kwa tone mpaka yageuke bluu. Unahesabu matone.

Ssalongo alisimama begani kwangu akahesabu kwa sauti, kwa lugha yake: emu, bbiri, ssatu. Kwenye tone la kumi na nne maji yakageuka bluu. Akacheka kwa furaha, akasema, "Kumi na nne!" Nami nikaandika kumi na nne, na mbele yake nikaandika miligramu kwa lita.

Sasa sikia nilichokifanya. Tone moja la kichupa kile halikuwa miligramu moja. Lilikuwa digrii moja ya ugumu kwa kipimo cha Wajerumani, na digrii moja ni miligramu kumi na saba nukta nane. Nilitakiwa kuzidisha. Kumi na nne mara kumi na saba nukta nane ni karibu mia mbili na hamsini. Kwenye ile karatasi ya maelezo, kando ya namba, palikuwa na kiduara kidogo cha digrii. Nilikiona kwa macho yangu haya mawili. Nikadhani kinahusu joto la maji.

Kijiko kimoja tu cha maji ya bomba kingeniokoa. Maji ya ziwa ni laini, kila mtu wa kazi yangu anajua yana miligramu kama arobaini hivi. Ningeyapima kwa kisanduku kilekile ningepata matone mawili, labda matatu, na ningeshtuka. Sikuyapima. Nilikuwa na muhuri mpya, nikaupiga: maji ni laini, mashine ya kulainisha haihitajiki. Bosi akafurahi. Ssalongo akaikunja nakala yake vizuri akaitia mfukoni mwa shati.

Boila ikawashwa. Mwenye kuitunza alikuwa Opio, mtu wa kaskazini, mwanajeshi aliyepunguzwa baada ya vita. Mkewe, Mama Akello, alikuwa mfuaji wetu wa nguo za kufuliwa kwa mkono, zile nyembamba zisizoingia mashineni. Wiki ya pili mama huyo alinifuata maabara, mikono inachuruzika.

"Musawo, hii maji yako hapana penda sabuni. Mimi nasugua, nasugua, povu hakuna. Maji ya bomba, sabuni kidogo, povu mingi."

"Mama Akello, nimeyapima. Ni miligramu kumi na nne tu. Ni laini kuliko ya bomba."

Alinitazama kwa upole, na upole ule ndio uliniudhi.

"Mimi hapana jua miligramu. Mimi najua sabuni."

Ndugu yangu unayesoma, mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba maji magumu hayatoi povu. Mimi niliyesomea nilimwambia sabuni yake ni ya magendo, akabadilishe. Akaitikia, "Ndiyo, Musawo," akarudi kwenye karai lake.

Baadaye Opio naye akaanza kulalamika, ila yeye alilalamika kwa mzaha. "Musawo, boila yako sasa inakula kuni kama batalioni. Zamani ilikula kama koplo mmoja." Nikacheka naye. Hata hiyo ilikuwa ishara: moto unapiga ukoko, haufiki kwenye maji. Nilicheka tu.

Ilitokea saa nne asubuhi, mwezi wa nane tangu boila iwashwe. Opio alifungua mlango wa tanuri kuongeza kuni, bomba moja likapasuka ndani, na maji ya moto na mvuke vikatoka kwa mlango huohuo aliosimama mbele yake. Tulisikia kishindo, halafu tukamsikia yeye. Sitaeleza zaidi. Aliishi siku tisa.

Jioni ya siku ile, baada ya boila kupoa, niliinama nikachungulia bomba lililopasuka. Ndani mlikuwa na ukoko mweupe, mnene kama kidole cha mtoto. Nilijua palepale. Nilirudi ofisini, nikafungua ukurasa wa mwisho wa kitabu cha boila ambako palikuwa na jedwali la kubadili vipimo, nikaona kiduara kilekile cha digrii, na kando yake kumi na saba nukta nane. Nikazidisha. Nikazidisha tena, nikitumaini hesabu itanihurumia. Nje bosi alikuwa ananiita. Nikaikunja ile karatasi ya Kijerumani nikaificha ndani ya blauzi.

Walikuwa wamesimama wote uani: bosi, Ssalongo aliyeletwa kutoka Katwe, na askari wawili. Bosi aliuliza swali moja tu.

"Je, yawezekana ni maji?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, na ujinga husameheka. Nilichofanya uani pale hakikuwa ujinga. Nilimpa karatasi yenye muhuri nikasema maji yalikuwa laini. Askari akaonyesha ukoko, akauliza basi hii nyeupe ni nini. Nikasema ni takataka za weldingi.

Ssalongo aliubandua ukoko kidogo kwa ukucha, akausaga kati ya vidole. Nikajua anajua. Fundi wa miaka yote ile, atakosa kuijua chokaa? Lakini alitoa mfukoni ile nakala yake, imechakaa kwenye mikunjo, akaisoma polepole.

"Mimi hapana ona weldingi kutoa kitu kama hii," alisema. "Lakini Musawo amesoma. Na mimi nilihesabu na yeye, kumi na nne. Kama maji ni laini, basi ni mikono yangu."

Alikubali! Alikubali kosa langu kwa sababu aliiamini namba yangu kuliko kucha zake. Wakamchukua. Alikaa kituoni siku nne. Opio alipofariki, Ssalongo alikwenda msibani akapiga magoti mbele ya Mama Akello, watu wote wanaona, akasema ni yeye aliyemuua mumewe. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama na sinia la vikombe.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Si kweli kila wakati. Mzigo ule niliuona mwepesi kwake kwa mwezi mmoja tu, halafu ukaanza kunilemea mimi, na tangu hapo sijaweza hata kuutua.

Maana sikiliza jinsi uongo unavyomfunga mtu. Bosi aliagiza boila nyingine, ya ng'ambo safari hii. Nilijua kisima kile kitaiua nayo, pamoja na mtu mwingine. Lakini ningeombaje mashine ya kulainisha maji ambayo nimeapa ni laini? Nikazua kwamba maji ya kisima yana kutu na yanachafua mashuka ya hoteli. Tukajenga matangi ya maji ya bomba na ya mvua. Bosi akanisifu kwa kujali wateja, akanipa ukubwa wa maabara.

Nikataka kuacha kazi nirudi kwetu. Nikaandika barua kabisa. Halafu nikafikiria atakayekuja baada yangu. Atafungua kabati, atakuta kisanduku, atapima kisima kwa udadisi tu, atazidisha kama inavyotakiwa, atapata mia mbili na hamsini. Kisha atafungua faili la zamani na kukuta kumi na nne yenye sahihi yangu. Barua nikaichana.

Nilikuwa na mchumba, mwalimu wa pale Kyambogo, mtu wa kwetu. Alipata kazi Eldoret, akanisubiri mwaka mzima nimfuate. Kila mwezi nilimpa sababu mpya. Mwisho akaniuliza, "Wewe una nini na kile kiwanda?" Akaoa mwingine. Ana watoto watatu sasa. Bosi akitaka kuniletea msaidizi nakataa, nasema nitamudu peke yangu. Watu wananiona mchapakazi. Sina likizo, sina mgeni maabara, na ufunguo wa kabati lile nauvaa shingoni kama rozari.

Ssalongo je? Katwe hakuna aliyempa tena kazi ya boila, wala hata sufuria. Hata wangempa asingeshika. Aliuza mashine yake ya weldingi akahamia kwenye kiwanja cha wazazi wake, upande wa nyuma ya Kyambogo, akalima migomba. Na kila mwezi, kwa miaka kumi na miwili, alifunga mkungu wa matoke kwenye baiskeli akampelekea Mama Akello, ambaye anaishi kwa kaka yake askari, kwenye nyumba za polisi, akifulia watu nguo. Haya niliyasikia kwa watu. Kila nilipoyasikia nilijifanya nina haraka.

Wiki iliyopita mlinzi aliniita getini. Alikuwa Ssalongo. Nywele zimekuwa nyeupe, baiskeli ameiegemeza ukutani na mkungu umefungwa nyuma. Mkononi ana jerikeni ndogo ya maji.

Alinisalimu kwa heshima zote, akauliza habari za nyumbani kwetu, za mama yangu, za kazi. Halafu akaeleza shida yake. Mwanawe Wasswa, mmoja wa wale mapacha, amekuwa fundi, na shule moja imemwomba awaundie boila ya kupikia. Shule ina kisima.

"Mimi nimekataza," alisema. "Nimesema hapana gusa chuma mpaka Musawo apime maji. Mimi hapana taka mtoto yangu aue mtu kama mimi."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema dawa imekwisha. Lakini nilimwingiza maabara, mtu wa kwanza baada ya miaka mingi, nikafungua kabati. Kisanduku ni kilekile, kichupa tu ndicho kipya. Nikatia maji yake kikombeni, nikafungua kichupa. Akasogea begani kwangu, akaanza kuhesabu. Emu, bbiri, ssatu.

Kwenye tone la kumi na moja maji yakageuka bluu.

"Kumi na moja," alisema, uso umechangamka. "Iko chini ya ile ya kwetu. Ni laini."

Na hapo nikashindwa. Ningeandika kumi na moja, Wasswa angeunda boila, na mtu wa pili angekufa kwa kalamu yangu. Nikachukua karatasi, nikazidisha mbele yake. Nikaandika mia moja tisini na sita.

Alifuata tarakimu kwa kidole. Hakuwa mtu wa shule, lakini kuhesabu alikujua.

"Nnyabo, mbona unazidisha? Ile siku tulihesabu kumi na nne, ukaandika kumi na nne."

"Siku ile nilitakiwa kuzidisha, sikuzidisha," nilisema. Nikaanza kulia.

Yeye hakupaza sauti. Alivuta kiti akakaa, akainua mikono yake akaiangalia mbele na nyuma, yale makovu ya cheche yamefifia. Mwishowe akauliza swali moja, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusikia jibu zuri.

"Kwa hiyo weldingi yangu ilikuwa nzuli?"

"Ilikuwa nzuri, Ssalongo. Haikuwa na kosa lolote."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilimwomba msamaha kwa magoti, kama yeye alivyopiga kwa Mama Akello. Hakusema amenisamehe, na wala hakusema hajanisamehe. Alisema hivi:

"Ile mama, mimi nilimwambia mimi niliua bwana yake. Sasa wewe nenda umwambie mimi hapana ua."

Tulitoka hadi kwenye baiskeli. Akafungua kamba polepole, akaushusha ule mkungu akauweka chini, miguuni pangu.

"Mwezi hii ni zamu yako," alisema, akapanda baiskeli akaondoka.

Ndiyo maana naandika. Wewe uliye maabara, au dukani, au hospitali, popote unapopimia wengine: namba bila kipimo chake si kitu, ni mtego. Uliza miligramu ya nini, digrii ya nani, tone moja ni sawa na ngapi. Mfuaji akikwambia sabuni haitoi povu, acha karatasi zako ukamsikilize. Na ukikosea, sema siku ileile, uani palepale, wakati bado ni ujinga tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kilichoniumbua ni matone kumi na moja.

Nyumba za polisi si mbali na kwangu. Mara mbili nimevaa viatu. Mara ya pili nilifika mpaka kwenye geti lao, nikamwona Mama Akello kwa mbali ameinamia karai, nikageuka. Ataniambia alinieleza habari ya povu, na ni kweli alinieleza.

Mkungu uko hapa sebuleni, nimeuegemeza ukutani. Leo ni siku ya sita. Matoke hupikwa mabichi, yakishaiva huwezi kumpelekea mtu ukasema ni chakula. Asubuhi hii chane ya juu imeanza kuwa ya manjano. Zilizobaki chini bado ni za kijani.